Aliyelala Chumba cha Danylo

Asubuhi ya mchezo wa saba niliikuta tena michoro ile kwenye barafu.

Jana yake jioni, mazoezi yalipokwisha, mimi mwenyewe ndiye niliyeendesha mashine ya barafu. Nilizunguka uwanja wote taratibu, nikaacha maji yamwagike na kuganda nyuma yangu, mpaka pakawa kama kioo kipya kisichoguswa. Kisha nikazima taa na kufunga milango mitatu. Funguo ziko pea mbili tu katika mji wetu wa Zoria. Moja ninayo mimi, nyingine ni ya baba, ambaye alikuwa mtunzaji wa uwanja kabla goti lake halijaharibika.

Sasa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje bado giza la Machi, na mtu alikuwa ameteleza juu ya kioo changu.

Alikuwa mtu mmoja. Alizunguka ukingoni mara kadhaa, kisha akapita nyuma ya goli la kaskazini, akatokea kushoto na kusimama ghafla. Pale aliposimama palikuwa na kilima kidogo cha barafu iliyokwanguliwa na makali ya viatu. Nikainama nikaigusa. Ilikuwa laini bado, kama unga uliotoka kuchekechwa.

Hii ilikuwa mara ya sita tangu Novemba, na sikuwa nimemwambia mtu. Kila mara nilipanda mashine nikafuta haraka, kama mtoto anayeficha kikombe alichovunja.

"Lesia."

Niliruka. Remi alikuwa amesimama kwenye mlango wa benchi la wachezaji, vikombe viwili vya kahawa mikononi, theluji mabegani. Alikuwa na tabia ya kuniangalia kwanza usoni, kisha mikononi, kisha tena usoni, kana kwamba anahakikisha nimefika mzima. Kila akinitazama hivyo nilisahau nilichotaka kusema.

Lakini siku hiyo sikusahau.

"Umeamka mapema kunichezea?"

"Kukuchezea vipi?"

"Hayo." Nikamwonyesha kwa kidole.

Akatazama. Alitazama muda mrefu mpaka moshi wa kahawa ukapungua.

"Mimi nimetoka kitandani sasa hivi," akasema. "Muulize mama yako, amenikuta jikoni nakunywa maji. Tena nikiwa na soksi moja."

"Basi ni panya."

"Panya wa kwenu wanavaa viatu namba kumi?"

Tulicheka wote wawili. Kicheko kikapanda juu kwenye vyuma vya paa, kikarudi kimechelewa kidogo, kama kimechekwa na watu wengine.

Remi Desjarlais alikuja kwetu Septemba, na begi refu la vifaa na magongo matatu yaliyofungwa kwa utepe. Alitoka Buffalo Narrows, kaskazini, mwendo wa saa saba kwa gari. Ndivyo ligi hii ya vijana ya mpira wa magongo wa barafuni inavyokwenda. Wachezaji wanatoka mbali, na familia za mji zinawapa kitanda na chakula msimu mzima. Miaka minne mama alikuwa amekataa kumpokea yeyote. Mwaka huu kocha alikosa nyumba moja, akaja kubembeleza, na mama, kwa mshangao wetu, akakubali.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha kaka yangu, Danylo.

Danylo aliichezea timu hiyohiyo ya Remi, Bundi Weupe, akiwa na miaka kumi na tisa. Siku moja ya mwisho wa Machi alikatiza ziwa kwa pikipiki ya theluji. Barafu ikaachia. Walioenda kutafuta waliitoa pikipiki. Yeye hawakumpata, wala kiangazi kile, wala vilivyofuata. Hana kaburi. Hajasomewa hata sala ya marehemu, maana kila padre akija mama humuuliza, "Nani kamwona?"

Mapenzi yetu mimi na Remi yalianzia kwenye kibanda cha kunoa makali, ambako wachezaji huniletea viatu vyao. Wengine hutupa viatu kwenye meza na kuondoka. Yeye alibaki. Alisimama kando ya mashine huku cheche zikiruka, akaniuliza kwa nini naziba sikio moja tu. Nikamwambia la pili halisikii vizuri tangu utotoni. Tangu siku hiyo, popote tulipo, yeye huhamia upande wangu wa sikio linalosikia. Hakuwahi kulisema. Alihama tu.

Hata asubuhi hiyo alikuja upande huo.

"Kuna jambo nataka kukwambia," akasema, "na usinicheke."

"Sema."

"Juzi nilikuwa chumbani. Mama yako akaita kutoka chini. Akasema, 'Danylo, shuka ule.' Nikajibu, 'Nakuja, mama.'"

"Ulimjibu ili kumridhisha. Mimi mwenyewe wakati mwingine..."

"Hapana, Lesia, sikumridhisha. Nilishuka, nikakaa, nikashika uma, nikala karibu nusu sahani, ndipo nikakumbuka kwamba jina langu ni Remi."

Mitambo ya baridi chini ya sakafu ilikuwa ikivuma. Nilihisi mvumo ule unapanda kwenye magoti yangu.

"Umechoka," nikasema. "Mechi hamsini na sita, kisha mtoano. Mtu yeyote angechoka."

"Labda." Akanipa kahawa yangu. "Sikiliza. Mimi nina miaka ishirini. Leo tukishinda tunakwenda fainali, tukishindwa nakusanya vitu vyangu. Kwa vyovyote, kwa umri huu ligi hii imenifikisha mwisho. Chuo cha mashariki kimenipa nafasi. Njoo nami. Kwanza twende kwetu, umwone mama, halafu tupange."

"Unaniambia hivi leo? Siku ya mchezo wa saba?"

"Nikuambie lini? Hapa kwenu kila siku ni siku ya mchezo."

"Na mama yangu?"

"Mwambie. Leo, chakula cha mchana."

"Wewe hujui unachoniomba, Remi."

"Najua. Miezi minne nakushika mkono nyuma ya mashine ya barafu kama mwizi. Nakutazama mezani nikiogopa kutazama. Mimi si mwizi. Nakupenda, na nataka kukupenda mbele ya watu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana hofu yangu siku zote hutoka na sura ya hasira. Lakini alinishika kidevu kwa vidole vilivyopashwa moto na kikombe, na hasira yote ikaniishia.

"Nitamwambia," nikasema.

*

Siku za mchezo tunakula saa tano. Mama alikuwa amepika pirohi, maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, na kabichi zilizoviringishwa wali na nyama. Alikuwa mchangamfu sana. Amesuka nywele, amevaa jezi ya zamani ya Bundi Weupe yenye rangi iliyopauka. Alimpakulia Remi kwanza, kama kawaida, na kumwekea vitunguu vya kukaanga pembeni, mbali na krimu, bila kuuliza.

Danylo ndiye aliyekula hivyo.

Baba alikuwa kimya. Yeye ni mtu wa maneno machache. Wageni humdhani ana dharau, kumbe anapima tu neno mpaka wakati wake unapita.

"Mama," nikasema. "Baba. Mimi na Remi tuna jambo."

Remi akaweka uma chini, akakaa wima. Chini ya meza goti lake liligusa langu.

"Tunapendana," nikasema. "Tangu Novemba. Msimu ukiisha nataka kwenda naye kwao, kumjua mama yake. Baadaye, Mungu akijalia, tutaoana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilijua yatakayosemwa, kwamba mchezaji ni mtu wa kupita, kwamba namzidi mwaka mmoja, kwamba nitamwachia nani uwanja huu. Majibu yote niliyapanga nikiwa juu ya mashine.

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha upole, kile cha kumcheka mtoto aliyesema mwezi unamfuata.

"Lesia, mwanangu. Mtu haolewi na kaka yake."

Uma wa baba ulianguka kwenye sahani.

"Stefa," akasema.

"Nini? Nimekosea nini?" Mama alimgeukia Remi, macho yake makavu na angavu. "Waambie basi. Siku ile unaingia mlangoni na begi lako, nilikuonyesha chumba?"

Remi aliitazama sahani yake.

"Nilikuonyesha?"

"Hapana, Mama Stefa."

"Juu kuna milango minne. Nilisema hata 'chumba kiko juu'?"

"Hapana."

"Ulikwenda wapi?"

Remi alinitazama. Uso wake ulikuwa umetoka rangi. "Nilipanda," akasema polepole. "Nikapita milango miwili, nikafungua wa tatu. Nikaweka begi chini ya dirisha."

"Na ulipofungua droo ya soksi," mama akasema, "uliinyanyua kwanza, maana bila kuinyanyua inakwama. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakuona. Nani alikufundisha?"

Nywele za mikono yangu zilisimama zote. Nilimtazama mwanaume ninayempenda, mwenye kovu dogo juu ya mdomo na macho meusi yasiyofanana na ya mtu yeyote wa kwetu, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nikamtafuta kaka yangu ndani yake. Remi aliona nikimtafuta. Goti lake likaondoka kwenye langu.

"Naomba nikajiandae," akasema, na akatoka.

"Hajamaliza chakula," mama akalalamika. "Huwa hamalizi siku za mchezo. Tangu mdogo."

*

Baba alinipeleka uwanjani kwa pikapu. Barabara ilikuwa na ukungu wa barafu, ule unaofanya kila nguzo ya umeme itokee ghafla kama mtu anayevuka. Alisimamisha gari nje ya mlango wa nyuma lakini hakuzima injini.

"Ile michoro," akasema. "Ni mimi."

Sikuelewa mara moja.

"Kwenye barafu. Huwa navaa viatu vya Danylo. Naja mapema kabla yako, nazunguka mara tisa, naondoka. Nikizunguka naongea naye." Alisugua usukani kwa gumba. "Nilijua unafuta. Nilidhani unanifichia aibu yangu."

Machozi yalinijaa. Miezi yote ile nilikuwa naogopa, kumbe ni baba yangu na goti lake bovu, peke yake gizani, akimsimulia mwanawe habari za mechi. Nilimshika mkono.

"Ungeniita, baba. Ningekuja tuzunguke wote."

"Unajua mama yako. Akijua kwamba mimi namlilia Danylo, ataona nimemzika."

"Na kwa nini unapita nyuma ya goli? Goti lako litakuua."

Akageuka akanitazama. "Nyuma ya goli wapi?"

"La kaskazini. Unapita nyuma, unatokea kushoto, unasimama."

"Mimi sipiti nyuma ya goli, Lesia. Goti halikunji. Nakwenda ukingoni tu, tena nimeshika ubao."

Injini iliendelea kunguruma. Ukungu ulikuwa umefunika kioo cha mbele, hatukuuona hata mlango. Kisha baba akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Huyo kijana ni mtu mwema. Mimi sina neno naye. Lakini mama yako asipomwona yeye kama yeye, hamtakwenda popote. Hata mkifika mwisho wa nchi mtakuwa bado mezani kwetu."

*

Uwanja wetu huchukua watu elfu moja na mia mbili, na siku hiyo waliingia zaidi. Wageni walikuwa vijana wa Harlan Creek, wakubwa, wenye mabega kama milango. Mfululizo wa michezo saba ulikuwa tatu kwa tatu. Anayeshinda leo anakwenda fainali. Anayeshindwa anakwenda nyumbani.

Nilikaa kwenye kiti cha mashine, kwenye upenyo wa kona, ninapokaa siku zote. Mama alikuwa jukwaani mstari wa nne, kati ya wanawake wenye kengele na madebe. Remi hakunitazama alipoingia. Kwa kawaida hugonga kioo cha ukingo mara moja kwa gongo anaponipita. Siku hiyo alipita kana kwamba yeye ni mtu mwingine.

Dakika sitini ziliisha mbili kwa mbili. Ukaingia muda wa nyongeza, ambapo bao moja tu linamaliza kila kitu.

Sijui kama umewahi kusikia watu zaidi ya elfu moja wakinyamaza. Kengele ziliacha. Madebe yaliacha. Kilichobaki ni sauti ya makali yakikata barafu na kisahani cheusi cha mpira, kile kinachopigwa kwa magongo, kikigonga ubao. Dakika ya saba, Remi alikinyang'anya kisahani katikati ya uwanja. Alimpita wa kwanza. Alimpita wa pili. Beki wa tatu akambana upande wa ubao, naye akazama nyuma ya goli la kaskazini, kisahani bado ni chake.

Kila mtu mzima wa Zoria alijua kinachofuata. Danylo alifunga mabao kumi na moja kwa njia hiyo. Alipita nyuma, akatokea kushoto, akasimama ghafla, akakisokomeza kisahani chini ya mguu wa kipa. Remi naye, msimu wote, alikuwa akifunga vivyo hivyo. Kocha Brandvold alidhani Remi kamwona Danylo kwenye mikanda ya zamani. Remi aliniapia hajawahi kuiona.

Kipa wa Harlan Creek alishaanza kuhamia kushoto. Upande wa kulia ukabaki wazi.

"Danylo!"

Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa ya kushangilia. Ilikuwa ile sauti ya kumwita mtu aliye mbali, nje, jua linazama, arudi ndani. Katika ukimya ule ilifika kila kona ya jengo na kurudi kutoka kwenye paa.

Na niliapa siku hiyo, na naapa leo, niliona kiatu chake cha kushoto kikigeuka kabla yeye hajageuka. Kiatu kilianza kwenda. Mwili ukakifuata. Halafu Remi akakiona anachofanya. Alisimama. Alikuwa nyuma ya wavu, nami nilikuwa mita kumi tu kutoka kwake. Alinyanyua uso akamtazama mama juu jukwaani, kisha akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayezama.

"Remi!" nikapiga kelele. Sauti yangu yote. "Remi!"

Akajirusha kulia.

Ulikuwa upande wake mbaya, mguu wake dhaifu. Goli lilikuwa tupu, hatua mbili tu, na angefunga kama asingejikwaa kwenye nguzo. Alianguka kifudifudi. Kisahani kikamtoka. Mtu wa Harlan Creek akakiokota, akakipiga mbele, na watu wao wawili wakakimbia peke yao dhidi ya kipa wetu. Sikuangalia. Nilijua kutokana na mlio wa watu, ule mlio kama pumzi inayotolewa na mnyama mkubwa.

Msimu ulikuwa umekwisha.

*

Watu waliondoka kimya kimya. Wengine walipita kwenye kioo wakamwonyesha Remi ishara ambazo sitazitaja. Wenzake walimpigapiga mgongoni na kuingia ndani. Yeye alibaki amekaa kwenye barafu, ameegemea goli, kofia ngumu mapajani. Kocha alimwendea, akasema maneno mawili, akamwacha.

Niliteremka kwenye mashine. Lakini mama alinitangulia.

Alikuwa ameingia uwanjani kwa buti zake za kawaida, akitembea hatua fupi fupi ili asianguke, mikono ameitanua. Baba alikuwa nyuma yake, hakuthubutu kumgusa. Nikasimama nilipokuwa. Nilisikia kila neno, maana uwanja ulikuwa mtupu.

Mama alifika mbele ya Remi.

"Umekwenda kulia," akasema.

"Ndiyo, Mama Stefa."

"Danylo asingekwenda kulia. Hata umshikie bunduki."

"Najua."

"Nimekuita."

"Nimesikia." Sauti yake ilivunjika. "Nimesikia, na kidogo nije. Samahani. Siwezi kuwa yeye. Ningeweza ningefanya, kwa jinsi ulivyonilea. Lakini mimi naitwa Remi."

Mama akapiga magoti kwenye barafu. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye taa kushoto na kulia, kama mtu anayesoma barua iliyolowa. Alipapasa lile kovu juu ya mdomo.

"Hili ulilipata wapi?"

"Mbwa wa shangazi. Nilikuwa na miaka minne."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Rosalie Desjarlais. Wa Buffalo Narrows."

"Rosalie," mama akarudia. "Rosalie anajua kwamba umeanguka?"

"Bado. Nitampigia."

"Mpigie sasa hivi. Usimkalishe mwanamke bila kujua mtoto wake yuko wapi."

Hapo ndipo alipolia. Miaka minne sikuwa nimemwona akilia. Sauti iliyomtoka haikuwa kubwa, lakini iliendelea, na ikaendelea, mpaka baba naye akapiga magoti juu ya lile goti bovu na kumfunika kwa koti lake. Mimi nilikimbia nikateleza nikaanguka, nikafika kwao kwa mikono na magoti. Remi akanipokea. Akanivuta upande wangu wa sikio linalosikia, akaninong'oneza, "Uliniita."

"Nilikuita," nikasema. "Jina lako lote."

*

Jumatano iliyofuata mama alimpigia simu padre yeye mwenyewe. Hakutaka tumsaidie.

Alichemsha ngano na asali, kama ilivyo desturi yetu kwa wafu, akaoka mikate mitatu ya duara, akaipanga mmoja juu ya mwingine kwenye meza ya kanisa letu dogo lenye paa la kijani. Tulikuwa watu wachache. Remi alisimama nyuma kwa heshima, maana si wa kanisa letu, lakini mama alimfuata, akamshika kiwiko, akamleta mbele kando yangu na kumpa mshumaa.

"Simama na Lesia," akamwambia. "Hapo ndipo pako."

Padre alisoma jina la kaka yangu mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likisomwa pamoja na majina ya wafu. Mshumaa wa mama haukutikisika.

Tulipotoka nje, ziwa likatoa sauti. Mwisho wa Machi barafu huanza kujinyoosha na kupasuka huko chini, na sauti yake hupita kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kama mlango mzito unaofungwa mahali usipopaona. Sote tulisimama kwenye ngazi za kanisa. Padre alijifanya kutafuta glavu zake. Sauti ilipita, ikafifia kaskazini, kukawa kimya.

Mama alikaza kitambaa chake kichwani. Gari la Remi lilikuwa tayari, begi langu likiwa juu ya begi lake. Baba alikuwa ameweka nyuma sanduku la pirohi zilizogandishwa, zawadi kwa Rosalie.

"Mtapita njia gani?" mama akauliza.

"Ya ziwani ni fupi," Remi akasema. "Wanasema bado imeganda vizuri, malori yanapita."

"Zungukeni."

"Ni saa moja zaidi, mama," nikasema.

"Zungukeni, Lesia." Alinifunga kifungo cha juu cha koti, kisha akamgeukia Remi na kumfunga chake. "Nimekupa binti yangu. Mpitishe nchi kavu."

"Nitazunguka, Mama Stefa," Remi akasema. "Hata ingekuwa siku nzima."

Tukaingia garini. Kwenye njia panda, kushoto kulikuwa na barabara nyeupe inayoteremka ziwani, imenyooka, tupu, haina hata gari moja. Remi hakuitazama. Alinishika mkono, akakata kona kulia.